Mikono Iliyomfunga Baba Macho

Baba Padre,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua utaitikia "milele amina" hata kama uko peke yako chumbani huko kusini ulikostaafia. Wewe ndiye uliyetufundisha, sisi watoto wa kambini, kwamba salamu hiyo haiachwi ikaning'inia hewani. Basi itikia, halafu ukae.

Nimeolewa! Nilitaka kuanza na hilo kabla ya neno lingine lolote. Mimi Vero wako, yule uliyemvua kandambili mlangoni mwa kanisa kwa sababu alivaa ya kulia mguu wa kushoto, leo ni mke wa Koplo Deo. Nikienda dukani hapa Zinga muuzaji ananiita "shemeji," nami narudi nyumbani nikicheka barabarani kama mwehu. Deo ananipigia pasi vitenge vyangu, Baba Padre! Anavipiga kama gwanda, na mstari mkali katikati, nikivivaa naona kama naenda gwarideni. Chai anapika yeye, anaijaza tangawizi mpaka machozi yananitoka, na mimi naimaliza yote kwa kuwa ni mkono wake. Mama anatutazama na kusema penzi jipya lina kelele kama pikipiki mpya. Mwache aseme. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu nizaliwe.

Lakini ndani ya furaha hiyo hiyo pana mahali panauma, na aliyepaumiza ni wewe. Simu zangu hupokei tena. Kwa hiyo naandika.

Unakumbuka bwalo la askari lililokuwa kanisa letu? Jumamosi watu walikula maharage humo, Jumapili meza ile ile ilifunikwa kitambaa cheupe ikawa altare, na harufu ya maharage ilibaki mpaka wakati wa Komunyo. Ulivaa kanzu juu ya kombati, buti zako zikachungulia chini kama mbwa wawili weusi waliojificha kitandani. Sisi watoto tulikuwa hatukuogopi. Nilikuuliza mimi mwenyewe, mbele ya kila mtu, "Padre, ukikutana na jenerali unampigia saluti au unambariki?"

"Inategemea," ulisema, "nani kamwona mwenzake kwanza."

Baba alicheka mpaka akakohoa. Sajini Kanuti, Mnyamwezi wa Tabora, mtu wa rozari mfukoni na utani mdomoni. Ulikuwa unakuja kwetu kunywa chai, mnabishana naye kuhusu mpira, halafu ukiondoka unaniwekea kiganja kichwani. Niliamini kiganja kile. Sitaki usahau hilo unaposoma yanayofuata.

Wanawake wa kota walikuwa na elimu yao ambayo hamkuwafundisha ninyi maafisa. Walisoma mavazi yako. Ukija na kanzu, ni ibada, watu wanatafuta vitenge. Ukija na kombati na bereti kichwani, umekuja kusalimu, watu wanatafuta sukari. Lakini ukija na bereti mkononi, na afisa mwingine nyuma yako, kina mama waliingia ndani na kufunga milango mmoja baada ya mwingine, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba ukikuta pamefungwa utapita uende kwa jirani.

Siku ile mama hakuwahi kufunga. Alikuwa nje anageuza vitumbua, mgongo wake ukiwa kwako. Mimi ndiye niliyekuona. Nilikuona wewe, nikaiona bereti mkononi, na nikasikia milango ya kina Mama Sikujua na Mama Neema ikibamizwa. Baba alikuwa nchi ya watu, wamekwenda kulinda amani, na wewe ulikuwa huko huko pamoja nao. Kukuona tu umesimama kwenye vumbi letu ilikuwa tayari ni habari.

Mama aligeuka. Hakupiga kelele. Hakuuliza kama amekufa. Aliuliza swali moja ambalo ni mama yangu tu angeuliza akiwa na kijiko cha vitumbua mkononi.

"Alipakwa mafuta matakatifu, Padre?"

Ukasema, "Ndiyo, mama. Kwa mkono wangu huu."

Ndipo mama akakaa chini na kulia. Nakumbuka alilia kama mtu aliyeruhusiwa.

Baadaye, tukiwa ndani, ukaniita karibu. Uliniambia gari lao lilipinduka kwenye mto uliofurika, kwamba ulifika, ukapiga magoti kwenye matope, ukamshika mkono mpaka mwisho, ukamfunga macho. Na kwamba alikuachia maneno ya kuniletea. "Mwambie Vero asome. Na siku akiolewa aolewe mbele ya altare, maana nitakuwa nimesimama hapo." Uliyasema taratibu ili niyashike. Niliyashika.

Unajua niliyafanyia nini maneno hayo? Nilimaliza kidato cha nne nikiyatafuna kila asubuhi. Siku ya kipaimara changu uliniambia, "Vidole hivi, Vero, ndivyo vilivyomfunga baba yako macho," nami nikavibusu vidole vyako mbele ya watu wote, kimoja kimoja. Kila mwaka kwenye misa ya kuwakumbuka askari ulilisimulia tukio lile katika mahubiri, na kila mwaka lilinona kidogo. Mwaka mmoja mvua iliongezeka. Mwaka mwingine baba alitabasamu. Mimi nilidhani unakumbuka zaidi.

Halafu Deo akaja. Dereva wa malori ya jeshi, mweusi wa kung'aa, ana pengo dogo la meno ambalo Mungu aliliweka pale makusudi ili niugue. Alitaka tuoane haraka, bomani, kwa sababu ndugu zake wako mbali na sherehe kubwa hakuwa nayo mfukoni. Nilimkatalia. Nilimwambia, "Baba amesema altare. Amesema atasimama hapo." Deo hakubisha. Alisubiri, misimu ikapita, tukasoma mafundisho ya ndoa, tukagombana, tukapatana. Mwanaume akikusubiri kwa ajili ya neno la marehemu ambaye hakuwahi kumwona, unamwachaje?

Basi Deo huyo huyo, kwa safari zake za lori, alikuwa akipumzika Lugoba kwenye kibanda cha chai cha mzee mmoja anayewachokoza askari wote wanaopita. Siku moja alimtajia kwamba anamwoa binti wa Sajini Kanuti. Mzee akaweka birika chini.

"Kanuti wa rozari? Mnyamwezi? Yule mpagazi wetu?"

Mzee huyo wa chai ndiye Mwinshehe. Mkwere, Mwislamu, alikuwa kikosi kimoja na baba, kitanda kwa kitanda. Baba alimtaja kwenye simu zake, "mtani wangu," lakini hatukuwahi kumwona, maana alibaki kule mpaka zamu yao ilipokwisha, halafu akastaafu akarudi kwao. Mkwere na Mnyamwezi ni watani, hilo pwani nzima inalijua, na mtani hakosi harusini. Tukamwalika.

Nilikupigia simu siku ile ile kwa furaha. Ulikuwa umeshakubali kuja kutufungisha ndoa, ulishaniuliza hata ukumbi. Nikakwambia, "Baba Padre, tumempata mtani wa baba! Mwinshehe wa Lugoba atakuwepo!" Ukanyamaza. Nilidhani mtandao umekatika, nikawa nasema haloo, haloo. Kesho yake ukatuma neno kwamba miguu imevimba, daktari amekukataza safari, na kwamba baba anatabasamu huko aliko. Nililia kwa ajili ya miguu yako, Baba Padre. Nilikuwekea nia kwenye rozari.

Padre mpya wa kambi ndiye aliyetufungisha, kijana, anatetemeka sauti lakini ana moyo. Na harusi ilikuwa nzuri! Mzee Mwinshehe alifika siku moja kabla, akachinja mbuzi yeye mwenyewe kwa bismillahi ili majirani zetu wote wa Zinga wale bila wasiwasi, kama tunavyofanya huku. Halafu akasimama mlangoni mwa ukumbi, akamzuia bwana harusi.

"Hapiti mtu. Binti wa mpagazi anatoka bure? Babu zake walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora mpaka Bagamoyo, wakafika hapa wakaogopa maji!"

Shangazi yangu wa Tabora akamjibu kutoka ndani, "Na babu zako walikuwa wapi? Wamekaa kivulini wanangoja mzigo ufike!"

Watu walivunjika mbavu. Deo ilibidi acheze ngoma kidogo ndipo apite, na Deo hajui kucheza, jamani, lakini nilimpenda zaidi kwa namna alivyokosea.

Nilipopewa nafasi ya kushukuru, nilisimama nikakushukuru wewe. Kwa sauti. Nilisema, "Hayupo hapa, lakini mikono iliyomfunga baba yangu macho ndiyo iliyonilea." Watu wakapiga makofi, mama akapiga vigelegele. Nikamwona Mzee Mwinshehe ameacha kula. Sahani ya pilau imejaa mbele yake, mbuzi aliyemchinja mwenyewe, na mkono wake umelala mezani kama si wake. Hakutania tena mpaka alipoondoka.

Lilinikaa. Nilikuwa kwenye fungate, bi harusi hatoki, mama alinikataza hata kuchungulia dirishani. Lakini Deo alinitazama ninavyogeuka geuka akasema, "Mke wangu, twende tukamwulize, ndipo utalala." Tukapanda basi mchana kweupe, tukabadilisha Msata, tukashuka Lugoba na hina yangu mikononi, kila mtu kituoni akitucheka.

Mzee alitukaribisha kibandani. Akatumiminia chai. Malori yalikuwa yanapita, ikabidi tungoje kila moja lipite ndipo tuendelee kuongea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umeshamchoka huyu?"

"Mzee, mbona uliacha pilau?"

Akapangusa meza ambayo ilikuwa safi.

"Chumvi ilizidi."

"Mzee Mwinshehe."

"Vero, mimi kwenye dini ya watu siingii na viatu."

"Nimekuuliza kama mtani wa baba."

Hapo akaketi. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Deo, kama anayeomba ruhusa. Deo akatikisa kichwa, ndiyo.

"Padre hakuwepo," akasema. "Alikuwa kambi nyingine, amekwenda kuwasomea misa wale wa huko, na mto ulikata barabara. Alifika kesho yake, tumeshamfunika. Aliyekuwepo ni mimi."

Lori likapita. Nilifurahi lilivyopita.

"Alikuwa anataka maji," akaendelea. "Na buti. Nivue buti, mtani, zinabana. Nikamvua. Akasema, nisalie. Nikamwambia, Kanuti, mimi nitakusalia nini, mimi si wa kwenu. Akasema, sali unachokijua. Sasa mimi nimelala jirani na baba yako miezi yote ile, kila jioni Salamu Maria, Salamu Maria, hata ukuta ungekariri. Nikamshika mkono nikaanza. Salamu Maria, umejaa neema. Nikafika katikati nikapotea. Ulimi ukarudi kwao, nikatia bismillahi rahmani rahimi."

Akacheka kidogo, na macho yakajaa.

"Baba yako akafumbua macho. Akacheka, wallahi, na maji yote yale kifuani. Akasema, 'Mkwere wewe, utanibishia hodi mlango siyo.' Basi. Akaenda. Nikamfunga macho."

Niliuliza swali ambalo natamani nisingeliuliza. "Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

"Mwanangu, alikutaja kila siku mpaka tukamwambia Kanuti, basi, tumemjua Vero. Siku ile hakukutaja. Mtu mwenye kiu anataja maji. Sitakuongopea."

"Padre anajua kwamba ulikuwepo wewe?"

"Tulionana kabla ndege haijaondoka na jeneza. Nilimsimulia yote. Alilia. Halafu akanishika bega akasema, Mwinshehe, mjane ana imani yake, tusimvunje, niachie mimi. Nikamwachia."

Nilitazama mikono yake. Imepasuka kwa moto wa jiko, kidole kimoja kimepinda. Birika lilikuwa bado mkononi mwake. Mikono yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo, Baba Padre, imekaa Lugoba miaka yote inamimina chai, na mimi nilikuwa nabusu mingine.

Sasa nisikilize. Kutokuwepo kwako hakukuwa kosa. Mto ni mto. Ulikuwa unawahudumia askari wengine, nao pia wana binti zao. Hata ile "ndiyo" ya kwanza naielewa, mama amesimama na kijiko, mafuta yanaungua, uso ule. Pengine hata mimi ningesema ndiyo. Lakini nani alikuuliza mengine? Nani alikuomba vidole? Nani alikuomba altare, na baba amesimama hapo? Uliyatunga ukampa mtoto, ukamtazama akiyala, ukaona yamemshibisha, ukamwongeza. Mahubiri yako yote juu ya baba yangu yalikuwa mazuri, na baba yangu hakuwemo.

Tena uliniibia kicheko chake. Hilo ndilo linaloniamsha. Baba alikufa akimtania mtu! Hiyo ndiyo hulka yake kabisa, ningeisikia ningemtambua hata gizani. Wewe ukanipa badala yake mtu mtakatifu anayetoa maagizo. Na ulipojua kwamba mwenye kicheko anakuja harusini, uliugua miguu.

Siku ile barabarani tukirudi nilimwuliza Deo, "Sasa tulisubiri nini miaka yote?" Akaniambia, "Mimi nilikuwa nakusubiri wewe." Hivyo ndivyo alivyo. Nilimlalia begani mpaka Zinga, na bado mbele ya altare ile nafasi niliyomwachia baba naiona tupu.

Deo naye amepangiwa. Wanaondoka kwenda kulinda amani, nchi ile ile, mvua zikikatika. Ndiyo sababu sikuweza kunyamaza. Nitakuwa mke wa kota na mimi. Nitajifunza kutazama bereti. Na siku padre akisimama mlangoni kwangu, Mungu apishe mbali, akifungua kinywa, nitamwaminije? Nikiuliza "alisema nini?" nitapewa cha Deo au cha padre? Nimemwambia Deo haya. Akaniapia akicheka, "Nikifa nalalamikia buti, uletewe buti." Nilimpiga na mto wa kulalia, kisha nikamkumbatia mpaka akalalamika.

Barua hii haina gundi kwenye bahasha. Mpaka hapo juu nimempa padre mpya aisome kwanza, nikiimaliza akufikishie. Yeye ndiye atakayekuja milangoni kwetu sasa. Ameisoma mbele yangu, amebadilika rangi, akaniomba kitu kimoja tu: nimwonyeshe kwa Mzee Mwinshehe. Kesho tunampeleka.

Amebaki mama. Mama hajui. Jana jioni alikuwa anamsimulia mama mkwe wangu jinsi ulivyopiga magoti matopeni, na mimi nilikuwa nachambua mchele pembeni yao nikauma ulimi. Nimemwomba Deo asiseme, nimemwomba mzee asiseme. Si kwa sababu nakufichia siri. Ni kwa sababu alikuuliza wewe. Swali lile lilikuwa lako, na jibu lake ni lako, na mimi sitalibeba. Miguu yako ikivimba, panda gari, ifungwe bendeji, uletwe umebebwa. Wanyamwezi tunajua kubeba.

Mwambie hapakuwa na mafuta. Mwambie palikuwa na Salamu Maria iliyopotea katikati. Mwambie alicheka. Nadhani hicho kicheko kitamshika kuliko ulivyofikiri, ila siwezi kukuahidi. Anaweza kukurushia kijiko.

Njoo kabla Deo hajaondoka. Mama bado anapika vitumbua nje asubuhi, vile vile, mgongo kwa njia. Njoo bila kanzu. Bereti ishike mkononi, kwa sababu ni habari ya msiba unaileta, imechelewa tu. Nitakuona kabla yake kama siku ile. Na safari hii pia mlango sitaufunga.

Mimi binti wa Sajini Kanuti, mke wa Koplo Deo, na mtoto wako wa kipaimara ambaye bado anangoja kusikia kutoka kwako,

Vero